Piye, Cambyses au Alexander: uanze na farao yupi wa kigeni?

Mswahili akimwita mtu firauni, hamsifii. Anasema mtu huyo hana haya wala huruma, kajiweka mahali pa Mungu. Neno lilitufikia kupitia vitabu vya dini, na humo Firauni ndiye mwenye nchi, wageni ndio wanaoteswa. Kumbe ukisoma historia ya Misri ya miaka elfu ya mwisho kabla ya Kristo, mara nyingi utakuta farao mwenyewe ndiye mgeni. Kaingia na jeshi, makuhani wakamtungia majina ya kifalme, wachongaji wakamchora ukutani na shuka fupi kiunoni na taji kichwani, na fahali mtakatifu alipokufa akazikwa kwa jina lake.

Anayetaka kuanza kusoma habari hizi huuliza: nishike yupi kwanza? Majina yanayorudi ni matatu. Kuna Piye wa Kushi, aliyeshuka na Nile kutoka Sudan ya leo karibu mwaka 730 KK. Kuna Cambyses wa Uajemi, aliyeingia mwaka 525 KK. Na kuna Alexander wa Makedonia, aliyefika mwishoni mwa 332 KK. Wote waliandikwa kuwa wana wa Ra, mungu wa jua. Nimewasoma kwa muda mrefu, na jibu nililokuwa nikiwapa watu zamani silo ninalotoa sasa, kwa hiyo nitaeleza pia kilichonigeuza.

Wengine nimewaacha makusudi. Wahyksos, wageni wa kutoka Asia waliotawala kaskazini zamani zaidi, ni mfululizo wa watawala, tena maneno yao wenyewe yaliyobaki ni machache mno. Akina Ptolemy, wafalme waliofuata baada ya Alexander, ukimtoa wa kwanza, ni watoto wa nyumba hiyohiyo hata kama walisema Kigiriki. Darius I, mfalme wa Uajemi baada ya Cambyses, nitamgusa kwa mbali, maana kumruka kabisa ni kumdhulumu.

Mlango walioingilia

Ukitaka hadithi ya vita, hapa hakuna ushindani. Piye anawapita wenzake kwa mbali.

Kwao ni Napata, chini ya mlima wa Jebel Barkal. Misri ya siku zake imevunjika vipande: Delta na Misri ya Kati zina wafalme wadogo na wakuu wenye asili ya Libya, kila mmoja na mji wake. Mmoja wao, Tefnakht wa Sais, alianza kuwameza wenzake na kusogea kusini. Piye tayari alikuwa na mkono wake Thebes. Akatuma jeshi, na alipoona majemadari wanamchelewesha na kumwachia adui upenyo, akaja mwenyewe kwa hasira. Agizo lake kwa askari wa mbele linashangaza: mkifika Thebes ingieni majini mwoge, vaeni kitani safi, msijivunie nguvu, maana hakuna shujaa bila Amun, mungu mkuu wa Thebes.

Mji wa Hermopolis aliuzingira mpaka, kama anavyosema yeye kwenye jiwe lake la ushindi, ukawa unanuka. Memphis ulimfungia milango. Wakubwa wa jeshi la Piye wakaanza kushauriana, huyu anataka kilima cha udongo cha kupandia ukuta, yule anataka mnara wa mbao. Piye akaona jambo ambalo wenzake hawakuliona: mto ulikuwa umejaa hadi kwenye ukuta wa mashariki, na merikebu zimefungwa kamba kwenye nyumba. Akazinyakua zote, akapitishia askari upande ule. Mji ukaanguka, anasema, kama uliopigwa na gharika.

Cambyses ni mwana wa Cyrus, yule Koreshi wa Biblia. Farao Amasis, aliyekuwa ametawala zaidi ya miaka 40, alifariki muda mfupi kabla ya uvamizi, akamwachia kiti mwanawe Psamtik III ambaye alikikalia miezi michache tu. Waajemi walivuka jangwa la Sinai kwa msaada wa Waarabu waliowapelekea maji, wakashinda Pelusium, kisha wakaitwaa Memphis. Ni vita kubwa, lakini imetufikia kwa ufupi na kwa kinywa cha Mgiriki.

Alexander hakupigana kabisa. Kuizingira Tyre kulimchukua miezi saba na Gaza kama miwili, ila Misri yenyewe ilifunguliwa kama duka. Liwali wa Kiajemi aliyekuwapo zamani alikuwa ameuawa katika vita vya Issus, Alexander alipowashinda Waajemi, na aliyeshika nafasi yake, Mazaces, hakuwa na askari wa kutosha. Waajemi nao walikuwa wameirudisha Misri mikononi mwao miaka kumi tu nyuma, na hakuna aliyekuwa tayari kuwafia. Kwa hiyo mwenye kiu ya mapanga asimchague Alexander wa Misri. Amsome wa Tyre.

Miungu, na ghala za miungu

Hapa ndipo walipoachana hasa, na hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae kitako. Wengi hulinganisha watawala hawa kwa kuuliza nani aliheshimu dini ya wenyeji. Mimi nauliza la pili yake: nafaka ya hekalu ilikwenda wapi?

Piye alikuwa mgeni aliyeifuata dini kuliko mwenye nyumba. Misri ilikuwa imeitawala Nubia, yaani nchi ya Kushi, kwa karne kadhaa, ikajenga hekalu la Amun chini ya Jebel Barkal, na ilipoondoka, Amun alibaki. Piye alijitwalia jina Usermaatre, lililokuwa la Ramses II. Alipofika Heliopolis alipanda peke yake hadi chumba cha ndani, akavunja lakiri, akafungua milango, akamwona Ra, akafunga na kuweka muhuri wake mwenyewe, akawaambia makuhani asiingie mfalme mwingine. Mwishoni wafalme wanne wa Misri walikuja kumsujudia, na watatu wakaachwa nje ya ikulu kwa sababu hawakutahiriwa na walikula samaki. Aliyeruhusiwa ni Nimlot wa Hermopolis peke yake, aliyekuwa safi. Fikiria fedheha hiyo: wafalme wa Misri wanaambiwa na mtu wa kusini kwamba wao ni wachafu wa kiibada.

Lakini tazama mgawo. Hazina ya Nimlot ilipofunguliwa, mali iliingia kwenye hazina ya mfalme, na ghala la nafaka likawekwa wakfu kwa Amun wa Karnak, hekalu lake la Thebes. Mji baada ya mji, utaratibu ni huohuo. Amun alilipwa. Makuhani wa Thebes hawakuwa na sababu ya kumsema vibaya.

Cambyses alifanya kinyume, na ushahidi wenyewe ni mtamu. Nyuma ya gombo moja la mafunjo lililoko Paris kuna nakala ya amri yake kuhusu mapato ya mahekalu. Mahekalu matatu yaliachiwa haki zao. Mengine yakapunguziwa au kunyimwa kabisa yale waliyokuwa wakipewa zama za Amasis: kuni, mbao, mifugo, fedha. Na kuhusu bata bukini, amri inasema makuhani wafuge wenyewe, wawapelekee miungu wao.

Mara ya kwanza niliposoma sentensi hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya bajeti anaijua sauti ile. Mtu aliyeandika vile hakuwa kichaa anayechukia miungu. Ni mtawala mpya aliyefungua daftari, akaona matumizi yamezidi, akakata. Na aliowakatia ndio waliokuwa na kalamu.

Kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyezuru Misri miongo kadhaa baadaye, Cambyses ni mwendawazimu kamili. Anaamuru maiti ya Amasis itolewe kaburini, ichapwe, ichomwe moto. (Maiti za namna hiyo Wazungu huziita kwa neno lenye asili moja na mumiani wetu, na neno lenyewe lilitoka Uajemi. Cambyses na mumiani, walikutana mapema.) Anapeleka watu 50,000 jangwani kwenda kuliangamiza hekalu la Amun huko kwenye oasisi ya Siwa, mchanga unawafunika wote. Anaongoza jeshi kwenda Kushi bila chakula, mpaka askari wanapiga kura ya kumla mmoja katika kumi. Anarudi Memphis, anawakuta watu wanasherehekea Apis mpya, yule fahali mtakatifu, anadhani wanafurahia kushindwa kwake, anamchoma fahali kisu cha paja. Baadaye, wakati wa kupanda farasi, upanga wake mwenyewe unamchoma paja lilelile, naye anakufa. Hadithi imepangwa vizuri mno. Mwenye kuzoea ngano za bibi anajua mara moja kwamba haikuokotwa ardhini, imefumwa.

Kisha nenda Saqqara, kwenye mapango ya Serapeum walikozikwa mafahali wa Apis. Fahali aliyezikwa mwaka 524 KK, Cambyses akiwa farao, ana jeneza kubwa la jiwe lenye maandishi kwamba Cambyses ndiye aliyemtengenezea. Aliyemfuata aliishi hadi mwaka 518 KK, wakati wa Darius. Yule ndama wa Herodotus, aliyefia kisu, watafiti wengi hawamwoni pa kumweka.

Na yupo shahidi mwingine ninayempenda kuliko wote. Udjahorresnet, mtu wa Sais, alikuwa mkuu wa merikebu za vita wa Amasis na wa Psamtik III. Nchi ilipoanguka, huyo jemadari wa jana akawa daktari mkuu wa Cambyses na mtu wake wa karibu. Sanamu yake iko Vatican, imejaa maandishi. Anasema yeye ndiye aliyemtungia mfalme jina la kifarao, Mesutira, yaani uzao wa Ra. Anasema alimlalamikia mfalme kuhusu wageni waliojenga makazi ndani ya hekalu la Neith, mungu wa kike wa Sais, mfalme akaamuru wafukuzwe, nyumba zao zibomolewe, hekalu litakaswe. Kisha Cambyses akaja mwenyewe Sais, akasujudu mbele ya Neith. Lakini mtu huyohuyo anauita wakati ule msukosuko mkubwa ambao nchi haijapata kuuona. Hakuficha. Ni kibaraka? Ni mtu aliyeokoa alichoweza? Sijapata darasa lililokubaliana, na sidhani litapatikana.

Usije ukadhani kwamba basi Cambyses ameachiwa huru. Mwaka 407 KK Wayahudi waliokuwa askari wa mpakani huko Elephantine, karibu na Aswan, waliandika barua kuomba kujenga upya hekalu lao lililobomolewa kwa uchochezi wa makuhani wa Khnum, mungu wa Kimisri wa hapo. Humo wanakumbusha kwamba Cambyses alipoingia Misri mahekalu yote ya miungu ya Wamisri yaliangushwa, lao halikuguswa. Barua hiyo iliandikwa zaidi ya karne moja baadaye, na watu wenye kesi yao. Hata hivyo ni sauti isiyo ya Mgiriki wala ya kuhani wa Misri, na inasema aliangusha. Bajeti iliyokatwa, hekalu lililotakaswa, mahekalu yaliyoangushwa: vyote vitatu viko mezani, na kazi ya kuvipima ni yako.

Alexander nitampitisha haraka hapa, maana mambo yake ni ya wazi. Alifika Memphis, akatoa sadaka kwa Apis na miungu mingine, akafanya pia michezo na ngoma za Kigiriki. Alikuwa anajua vizuri Waajemi walivyosemwa, akajipanga upande wa pili. Huko Luxor, ndani ya hekalu la Amenhotep III, kuna chumba cha merikebu takatifu ya Amun kilichojengwa upya kwa jina lake, na kutani yumo, shuka fupi na taji, anamtolea Amun, jina lake limezungushiwa kitanzi cha wafalme. Kama alipata kutawazwa rasmi Memphis ni jambo ambalo wataalamu wanabishania mpaka leo: habari hiyo inapatikana tu katika simulizi za baadaye zenye chumvi nyingi. Wamisri walimhesabu farao. Kama mafuta yalimwagwa kichwani, kila mtu na maoni yake.

Siku ya tatu, jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kipimo hicho Piye na Alexander wote wawili walitoroka kabla ya jembe.

Piye alipokwisha kupokea viapo alipakia merikebu fedha, dhahabu, shaba, nguo na kila kizuri cha kaskazini, akapandisha mto kurudi Napata huku watu wa kingo zote mbili wakimwimbia. Tefnakht hakuja hata kumwona uso. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, akaapa mbele ya mjumbe wa Piye, na baadaye akaendelea kujiita mfalme kwake Sais. Ilibidi Shabaka, aliyekuja baada yake, arudi na kuishika nchi kwelikweli. Matunda ya nasaba hiyo, ya 25, utayaona kwa Taharqa, ndiye Tirhaka mfalme wa Kushi katika Wafalme wa Pili. Halafu wakaja Waashuru, na mwaka 663 KK Thebes ikaporwa.

Alexander alikaa kama miezi sita. Katika miezi hiyo alipima mji wake mpya wa Alexandria pwani, akavuka jangwa hadi Siwa kuuliza maaguzi ya Amun, na masika ya 331 KK akaondoka kumfuata mfalme wa Uajemi. Hakurudi akiwa hai. Kuhusu Siwa, Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, ana kisa ambacho watu wa lugha hufurahia: kuhani alitaka kumwita kwa Kigiriki "mwanangu", akateleza sauti moja ya mwisho, ikasikika "mwana wa Zeus", naye Alexander akaipokea ilivyotoka. Baada ya kufa kwake, sarafu zikamwonyesha na pembe za kondoo dume wa Amun. Ndiyo maana baadhi ya wafasiri wa Kurani walimtaja kuwa Dhulkarnaini, mwenye pembe mbili, na wengine wakalipinga jambo hilo kwa nguvu zote.

Aliyebaki kushika jembe kwa niaba yake ni Cleomenes, Mgiriki wa Naucratis, mkusanya kodi. Wagiriki wenyewe wanasimulia kwamba mtumishi wake aliliwa na mamba katika jimbo walikoabudiwa mamba, akatangaza msako wa mamba wote. Makuhani wakachanga dhahabu wampe aache. Ukiuliza utawala wa Alexander ulikuwaje kwa mtu wa kawaida wa Misri, huyo ndiye jibu, siyo Siwa. Ipo pia karatasi moja iliyookotwa Saqqara, kipande cha mafunjo chenye tundu za kupigiliwa ukutani, kwa Kigiriki: amri ya Peukestas, mtu asipite, chumba ni cha kuhani. Peukestas alikuwa mmoja wa makamanda walioachwa nyuma. Maneno machache tu, na mimi huyaona yana uzito kuliko kurasa nyingi za sifa.

Cambyses ndiye aliyekaa. Miaka mitatu karibu yote aliitumia huko, akaondoka mwaka 522 KK aliposikia uasi nyumbani, akafia njiani Syria. Kati ya watatu, aliyeshika jembe ndiye aliyechukiwa. Wawili waliopita kama harusi wakaimbwa.

Darius, aliyerithi nchi hiyo, ndiye aliyerekebisha mambo. Alimrudisha Udjahorresnet nyumbani kufufua Nyumba ya Uhai, palipofundishwa uganga na maandishi. Alikusanya sheria za Misri, akachimba mfereji kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu, akajenga hekalu la Hibis katika oasisi ya Kharga. Sanamu yake iliyofukuliwa Susa mwaka 1972 ilichongwa Misri, na maandishi yake yanasema aionaye ajue kwamba mtu wa Uajemi ameishika Misri. Ukitaka mfano wa mgeni aliyejua kutawala, mruke Cambyses, nenda kwa huyu. Lakini mtawala mzuri ana tatizo moja kwa msomaji anayeanza: hana fumbo.

Nani anaongea

Piye anaongea mwenyewe. Jiwe lake la ushindi lilipatikana Jebel Barkal mwaka 1862 na liko Cairo. Lina mistari 159, na ni moja ya maandishi bora kabisa ya kifalme ya Misri yote, lenye hasira, mzaha, huruma na maringo. Alipoingia zizi la Nimlot na kuwakuta farasi wamekonda kwa njaa, aliapa kwa Ra kwamba farasi wake kufa njaa kumemchoma moyo kuliko ubaya mwingine wowote aliofanya Nimlot. Wake wa Nimlot walipoletwa mbele yake wampambe, hakuwatazama. Zizi akalitazama. Juu ya jiwe amechorwa Nimlot akiongoza farasi kwa mkono mmoja, wafalme wengine wamebusu ardhi.

Ubaya wake ni kwamba humsikii mwingine. Tefnakht anaongea, lakini kwa maneno aliyowekewa kinywani na mshindi. Uzuri wa lugha unakuteka, na baada ya kurasa chache unajikuta upande wa Piye bila kujua umefikaje. Kwa msomaji wa Kiafrika kuna mtego wa pili: tunamtaka awe wetu. Mimi nilimtaka hivyo kwa miaka. Sasa namsoma kama mfalme aliyeondoka na mizigo.

Alexander hasemi chochote Misri. Waliomwandikia habari zake ndefu, kina Arrian na Plutarch, waliishi zaidi ya karne nne baada yake, wakitegemea vitabu vya watu wa zamani ambavyo leo havipo. Kuta za Luxor zinamwonyesha lakini hazimsimulii. Ukianza naye, utasoma mengi kuhusu Alexander na machache kuhusu Misri.

Cambyses anasemwa na kila mtu: adui, mtumishi, karani wa fedha, fahali, askari wa mpakani. Hawakubaliani. Hapo ndipo nilipobadilika.

Unachoweza kukifuata kwa miguu au kwa picha

Mwenye safari ya Misri mfukoni atapata zaidi kwa Alexander: Luxor pako wazi, magofu ya hekalu la maaguzi yako Aghurmi huko Siwa, na Alexandria ni Alexandria, ingawa kaburi lake halijapatikana hadi leo. Kwa Cambyses kuna Serapeum, na kule Abusir kuna kaburi la shimo refu la Udjahorresnet. Kwa Piye, jiwe liko Cairo, ila nyumbani kwake ni Sudan. Jebel Barkal na El-Kurru, palipo kaburi lake, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2003, na vita vilivyoanza Aprili 2023 vimewafungia njia wageni wengi.

Basi umchukue yupi

Mwalimu anayetafuta mada ya mdahalo: Cambyses, bila kusita. Wape kundi moja Herodotus, jingine jeneza la Apis na sanamu ya Udjahorresnet, la tatu barua ya Elephantine, na hakimu apewe amri ya bata. Somo la kupima ushahidi litajifundisha lenyewe.

Mtu wa jukwaa, anayetaka kuandika tamthilia au kusimulia hadithi usiku: Piye. Tayari ana maonyesho yaliyokamilika, kuanzia hasira kwa majemadari hadi mlango wa ikulu uliofungiwa wala samaki. Awape tu akina Tefnakht kinywa chao wenyewe.

Alexander namshauri yule tu ambaye tayari amemsoma sehemu nyingine na anataka kujua Misri ilimfanya nini. Kuanza naye ni kuanza sinema katikati. Na kama una hamu naye hata hivyo, anzia kwa Cleomenes na mamba, kisha rudi Siwa.

Anayeanza kabisa, mwenye jioni tatu nne, nilikuwa nikimwambia Piye. Sasa namwambia Cambyses, na kwa mpangilio huu: maneno ya Udjahorresnet kwanza, ni mafupi na yanamalizika kwa kikao kimoja, jioni ya pili kitabu cha tatu cha Herodotus, kinachoanza na Cambyses huyuhuyu, ya tatu Serapeum, bata, na barua ya Elephantine. Ukitangulia na Herodotus, yule mwendawazimu atakukaa kichwani na kumtoa itakuwa kazi.

Jioni ya nne mpe Piye, kwa starehe tu. Makaburini El-Kurru, karibu na piramidi lake, walikofukua wachimbaji karne iliyopita, walikuta farasi wamezikwa wakiwa wamesimama, na mapambo yao mwilini.